Chuo kinamtaka binti yangu asaini imani yao, na ada inalipwa na serikali. Nifanyeje?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Mombasa anayeishi Brooklyn Park, Minnesota. Binti yake ana miaka 16, yuko darasa la 11, na anataka kusomea uuguzi, na aanze masomo ya chuo akiwa bado yuko skuli kupitia PSEO, yaani Postsecondary Enrollment Options, mpango wa jimbo unaomlipia mwanafunzi wa skuli kozi za chuo. Chuo alichokipenda ni cha Kikristo, kiko karibu na kazini kwa babake, na kwenye fomu wamekuta ukurasa unaomtaka mtoto atie saini kwamba anaamini mafundisho ya dini ile. Wao ni Waislamu. Mama anauliza, hii ni halali kweli ikiwa ada yote inatoka kwa serikali? Na mumewe anasema ni karatasi tu, asaini mtoto aingie asome, je ni sawa? Halafu akaongeza kitu kilichonigusa, kwamba yeye mwenyewe alisomeshwa na masista kule Mombasa, asubuhi wanaimba nyimbo za kanisa, na hakuna aliyewahi kumwambia asaini chochote.

Dadangu, wa alaykum salaam. Nikujibu kwanza ndo nije kwa maelezo manake najua hizi fomu zina tarehe. Ndio, kwa sheria ilivyo sa hivi chuo kile kinaruhusiwa kuweka sharti hilo. Na hapana, msimwache mtoto asaini. Hela ile inamfuata mtoto anakokwenda, si mali ya chuo, kwa hivyo akaitumie kwingine, na hapo mlipo Brooklyn Park vyuo vingine vipo vingi tena karibu.

Sasa tuanze na uhalali, kwa sababu watu wengi wanaambiwa "hela ya serikali haiwezi kwenda kwa dini" wanadhani mambo yameishia hapo. Hayajaishia hapo. PSEO ilianza 1985 enzi za gavana Rudy Perpich, na Minnesota ndo lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuufungua mlango huo kwa jimbo zima. Wazo lilikuwa kwamba mtoto wa darasa la 11 au 12 aliye tayari kwa masomo ya chuo asingojeshwe na umri, aende akasome, jimbo lilipe ada na vitabu, na alama zake zihesabiwe mara mbili, skuli na chuoni. Tangu mwanzo vyuo binafsi viliruhusiwa, vya kidini vikiwemo, ila kozi inayolipiwa isiwe ya dini, yaani jimbo linalipia hesabu na baiolojia na uandishi, halilipii somo la Biblia. Chama cha walimu kilipinga hela za mpango kwenda chuo cha Kikristo cha Bethel na mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya jimbo ikasema ziende. Kwa hivyo chuo cha kanisa kupokea hela hizi si jambo jipya wala si la magendo.

Kilicholeta vita ni hiyo saini. Vyuo viwili, Crown College na University of Northwestern kule St. Paul, vilikuwa vinawataka wanafunzi wa PSEO wanaosoma pale pale chuoni watoe tamko la imani. Wabunge wakasema haiwezekani mtoto wa skuli ya umma afungiwe mlango unaolipiwa na kodi ya wazazi wake kwa sababu ya dini yake, na Mei 2023 gavana Tim Walz akasaini sheria ya elimu iliyokuwa na kifungu kinachosema chuo chochote cha PSEO kisidai tamko la imani wakati wa kuomba nafasi, wala kisimchague mtoto kwa dini yake, rangi yake, ulemavu, jinsia na mengineyo. Haikukawia, vyuo hivyo viwili pamoja na wazazi kadhaa wa Kikristo wakaenda mahakama ya shirikisho. Jimbo likakubali kutotumia kifungu hicho dhidi yao mpaka kesi iishe, kwa hivyo ukweli ni kwamba hakikuwahi kuwagusa hata siku moja. Tarehe 22 Agosti 2025 Jaji Nancy Brasel akatoa hukumu: kifungu kinavunja haki ya uhuru wa dini iliyo kwenye katiba ya Marekani. Kikaanguka chote, pamoja na ile sehemu ya kutobagua, kwa sababu vilikuwa vimefungwa pamoja.

Unaweza kujiuliza jaji alifikaje pale. Hakuanza yeye, njia ilikuwa imeshalimwa na Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2017 kulikuwa na kesi ya kanisa la Trinity Lutheran kule Missouri, lilitaka ruzuku ya jimbo ya kuweka mpira wa matairi kwenye uwanja wa watoto kuchezea wasiumie wakianguka, likanyimwa kwa kuwa ni kanisa, Mahakama ya Juu ikasema hapana, huwezi kumnyima mtu fungu la umma kwa sababu tu ni wa dini. Mwaka 2020 ikaja kesi ya Espinoza ya Montana, ikaamuliwa hivyo hivyo kuhusu ufadhili wa wanafunzi wa skuli za dini. Mwaka 2022 ikaja Carson v. Makin ya Maine, na hiyo ndo iliyomaliza maneno: jimbo halilazimiki kulipia elimu ya binafsi, lakini likishaamua kulipia, haliwezi kuzitenga skuli za dini kwa kuwa zinaifanya dini yao. Ukizipanga hizo tatu utaona hukumu ya Minnesota ilikuwa inakuja. Jimbo lilipowaambia wale "ondoeni saini au mtoke kwenye mpango", mahakama iliona wanalazimishwa wachague kati ya imani na hela ambazo wenzao wote wanazipata.

Jimbo lilijaribu pia kugeuza meza, likasema chuo kikishapokea hela zetu kinakuwa mkono wetu, na mkono wa serikali haubagui dini. Hoja hiyo inasikika vizuri sana na najua ndo iliyo moyoni mwako. Ila tangu 1982 katika Rendell-Baker v. Kohn Mahakama ya Juu ilishasema skuli binafsi haigeuki serikali hata kama karibu hela zake zote zinatoka serikalini. Jaji akaikataa.

Mimi maoni yangu sitakuficha. Nilikiunga mkono kile kifungu cha 2023. Nimeketi na watoto wengi wa wahamiaji kwenye kazi hii ya ushauri wa masomo, Wasomali, Wakenya wenzetu, Walaiberia wa hapo hapo kwenu, na ninaona uchungu mtoto anapofungua ukurasa wa chuo kinacholipiwa na jimbo lake akakuta hatakiwi alivyo. Lakini nimewasikiliza pia wale wazazi walioshtaki na sitawasema vibaya. Wanataka mtoto wao wa miaka 16, anapotoka skuli mapema kwenda kukaa na watu wazima, akae mahali wote wanaamini anachoamini. Wewe na mimi tunalijua hitaji hilo, ndo lile lile linalotufanya tupeleke watoto duksi na madrasa wikendi kwenye baridi ya Januari. Na haki iliyowalinda wao itakilinda chuo cha Kiislamu siku kitakapoingia kwenye mpango huu.

Sasa nije kwa masista wako, manake nadhani hapo ndo penye jibu la swali la pili. Ulisoma kwao, ukasimama kwenye gwaride, ukaimba, au ulifumba mdomo wenzako wakiimba, ukafunga Ramadhani wao wakijua. Hakuna aliyekuuliza unaamini nini. Kule Kenya hata Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini wa skuli, kanisa au msikiti, kazi ya kulea mambo ya kiroho huku akilinda dini za watoto wengine. Si kwamba kwetu mambo ni shwari, unakumbuka kesi ya hijabu ya St. Paul's Kiwanjani kule Isiolo, ilipanda mpaka Mahakama ya Juu na Januari 2019 ikaufuta ule ushindi walioupata wazazi kwenye mahakama ya rufaa. Lakini hata kwenye ugomvi ule kilichobishaniwa ni nguo, kitambaa na suruali nyeupe. Hakuna aliyemtaka mtoto wa Kiislamu aandike kwa mkono wake kwamba Yesu ni Mungu.

Na hiki ndicho binti yako anachotakiwa kufanya. Isome ile karatasi pole pole na yeye akiwa kando. Matamko ya aina hii yanafanana sana: Biblia ni neno la Mungu lisilo na kosa, Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, Yesu Kristo ni Mungu kamili na mwanadamu kamili, wokovu ni kwa kumwamini yeye peke yake. Chini kuna kisanduku cha kuweka tiki na mstari wa jina na tarehe. Karatasi haimwambii aandike "nitaheshimu imani ya chuo hiki", hilo angelisaini bila shida na mimi ningemwambia asaini. Inamwambia aandike "mimi ninaamini". Mtoto aliyehifadhi sura ya Ikhlasi akiwa na miaka minne, lam yalid walam yulad, yaani Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, leo aandike kinyume chake kwa sababu ya krediti za kemia, zile pointi za kozi za chuo? Shemeji nisamehe, najua unampenda mwanao na umeona gari na muda na petroli, lakini hiyo si karatasi tu.

Na msidhani ni shida ya Waislamu peke yao. Miaka ya nyuma nilikaa kwenye meza ya maktaba na kijana wa familia ya Kikisii, Mkatoliki, mtumishi wa altareni. Wazazi wake waliona hakuna neno kwa kuwa chuo ni cha Wakristo wenzao. Kijana akafungua ile fomu kwenye laptopu, akasoma, akafika kwenye mstari unaosema Biblia peke yake ndiyo yenye mamlaka juu ya imani. Akaacha kuandika. Mkono ulikuwa juu ya ile panya ya kompyuta, kidole hakishuki. Akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, ili mkutubi asisikie, "Mwalimu, na Papa je?" Nikamwambia funga hiyo fomu twende zetu, na tukafungua ya chuo cha umma jioni ile ile. Nilijifunza kwa yule kijana kwamba watoto wanayachukulia maneno kwa uzito kuliko sisi tunaowaambia jaza tu upesi.

Kuna upande wa dunia pia, tusiuruke. Fomu ya kuomba chuo karibu kila mara ina mahali mwombaji anathibitisha kwamba aliyoyaandika ni kweli. Mtoto akisaini imani isiyo yake halafu mwezi wa Oktoba akaonekana anaswali kwenye kona ya maktaba, au mwenzake wa darasa akamuuliza naye akajibu ukweli, chuo kina sababu ya kumtoa. Akitoka katikati ya semista kozi zile zinamwachia alama mbaya au pengo kwenye rekodi ya chuo, na rekodi hiyo haifutiki, itamfuata akiomba uuguzi, akiomba udaktari, popote. Na kwa kuwa kozi hizo hizo ndo zinazohesabiwa skuli, anaweza kupungukiwa mahitaji ya kumaliza darasa la 12. Yaani uongo mmoja unagonga vyeti viwili. Halafu uangalie na mengine zaidi ya tamko: vyuo vya namna hii huwa na maagano ya mwenendo, ibada za lazima mara kadhaa kwa wiki, vingine vinaomba barua ya mchungaji. Hayo ya mwenendo mengi hayatamsumbua binti wa Kiislamu hata kidogo, hakuna pombe hakuna sigara, lakini barua ya mchungaji mtaitoa wapi.

Jambo moja la kuangalia kabla hamjakifuta chuo hicho kabisa: ugomvi wa mahakamani ulikuwa kuhusu wanafunzi wa kusoma pale chuoni. Masharti ya wanaosoma mtandaoni huwa ni tofauti. Kama binti amependa mwalimu fulani au kozi fulani, apige simu ofisi ya PSEO ya chuo aulize kwa jina lake mwenyewe: mimi ni Mwislamu, naweza kuchukua kozi zenu za mtandaoni bila tamko? Wakisema ndio, aombe wamwandikie kwenye barua pepe. Kuuliza hivyo si kukosa adabu, na watu wa ofisi zile kwa kweli huwa wanajibu vizuri, wanapendelea kuulizwa kuliko kudanganywa.

Lakini ushauri wangu hasa ni vyuo vya umma. Mfumo wa Minnesota State una vyuo 33, na kimoja, North Hennepin Community College, kiko hapo hapo Brooklyn Park. Hennepin Technical College nayo ina kampasi hapo mjini kwenu. Kuna Normandale kule Bloomington, kuna Minneapolis College katikati ya mji, kuna Metropolitan State, halafu kuna University of Minnesota yenyewe ambayo nayo inapokea PSEO ila ushindani wake ni mkali. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kumuuliza dini yake kama sharti la kuingia, kwa hao katiba inawafunga moja kwa moja kwa sababu wao ndo serikali. Na kama mtoto anapenda mazingira ya chuo cha kanisa, si vyote vinafanana. Augsburg kule Minneapolis ni ya Walutheri, iko jirani kabisa na Cedar-Riverside, na wasichana wa hijabu wamejaa pale bila kuulizwa wanaamini nini. Kwa hivyo asije akaondoka na fikra kwamba Wakristo hawamtaki. Ni vyuo vichache vyenye mtindo huu.

Kwa kuwa ulisema anataka uuguzi, mwambie aanze na kozi zilizo ndani ya Minnesota Transfer Curriculum. Huo ni mfuko wa krediti 40 katika maeneo 10 ambao vyuo vya umma vya jimbo vinakubaliana kupokeana, kwa hivyo akisoma uandishi wa chuo na baiolojia North Hennepin, baadaye akihamia chuo kingine cha umma hazipotei. Uandishi kwanza, manake kila shahada inaudai. Na afahamu hesabu ya krediti: krediti 4 za semista chuoni zinahesabiwa skuli kama mwaka mzima wa somo. Wazazi wengi hawalijui hili, mtoto anajitwisha kozi tano kwa hofu kwamba hatamaliza skuli, kumbe mbili tatu zingemtosha, anachemka, anaanguka.

Kama gari ndo tatizo, na nadhani ndo lilikuwa tatizo tangu mwanzo kwa sababu mumeo alitaja karibu na kazini, kuna njia mbili. Familia yenye kipato kidogo inaweza kuomba jimbo liwarudishie gharama ya usafiri wa kwenda chuoni, fomu yake ulizeni skuli. Ya pili, asiende chuoni kabisa: University of Minnesota ina mpango unaitwa College in the Schools, mwalimu wa skuli yake ndo anayefundisha kozi ya chuo hapo hapo darasani, na krediti ni za chuo kikuu kamili. Muulizeni kaunsela kama skuli yenu inazo, au kozi nyingine za chuo zinazofundishwa skulini, kwa sababu majina yanatofautiana. Kaunsela akionekana hana haraka na mambo ya PSEO msivunjike moyo, mtoto akienda chuoni skuli inapungukiwa na fungu lake la hela kwa hivyo si wote wanaoshangilia, lakini hawana ruhusa ya kumzuia. Akibaki kwenye PSEO bado ni mwanafunzi wa skuli yake, anaweza kucheza mpira na kuhudhuria mahafali na wenzake, hilo mwambie maana najua wasichana wa miaka hiyo wanaogopa kupotea kwa marafiki kuliko wanavyoogopa kemia.

Tarehe ya kuiarifu skuli kwamba anataka PSEO mwaka ujao wa masomo ni Mei 30, msiivuke. Chuo nacho kina tarehe zake na mara nyingi ziko mapema kuliko hiyo, kwa hivyo wiki hii fungueni fomu ya North Hennepin, aombe nakala ya alama zake kwa kaunsela Jumatatu, na ule ukurasa wa tamko muuache kama ulivyo, bila tiki na bila jina.

Na mzee akibaki na wasiwasi, mwambie anitafute tuongee kwa simu, jioni baada ya Isha niko.